Bibi Niliyemkaribisha Kutoka Msituni

Mke wangu amenionya nisitie chumvi, kwa sababu naye alikuwepo na nikiongeza neno atanisuta mbele yenu. Basi sitaongeza. Mimi ni dereva wa lori, nimelala peke yangu kwenye vituo vya barabarani kati ya Dallas na Houston miaka mingi, na sijawahi kuona hata kivuli. Haya niliyaona mchana kweupe, nchini Finland, nikiwa nimeshiba na sijanywa kitu.

Tulienda kumtembelea dada yangu Rehema, muuguzi huko. Tulikuwa watatu: mimi, Mama Ndinda, na Ndinda mwenyewe, binti yetu wa pekee, aliyezaliwa Arlington na ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Rehema akatupakia garini atuonyeshe mashambani. Jamani, ile nchi ni kimya. Msitu, ziwa, msitu, ziwa, na binadamu humwoni. Nikamuuliza Rehema watu wako wapi, akasema, "Leo hata kuna watu."

Tukasimama kuchuma matunda. Huko unaingia msitu wa mtu yeyote na ndoo yako, unachuma, hakuna wa kukuuliza. Ni vitunda vidogo vya buluu, vinapaka mdomo rangi kama wino. Tulichuma, tukacheka, na nilipoinua kichwa Ndinda hakuwepo.

Umewahi kumwita mtoto asiitike? Mama Ndinda aliita mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikimbia bila kujua naelekea wapi, nikilia, sioni haya kusema, mpaka nikatokea kwenye nyumba ya mbao yenye rangi nyekundu iliyofifia. Mlango ulikuwa wazi. Pamoja na hofu yote ile, niliposimama kizingitini mdomo ulifanya alivyouzoesha mama yangu: nikapiga hodi. Hodi yetu hii, huko Finland.

Sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani, "Karibu."

Niamini, niliisikia vizuri kabisa.

Alikuwa bibi wa Kizungu mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Ndinda alikuwa mezani, anakula mkate na vile vitunda, na soksi zake zilizolowa zimeanikwa juu ya jiko. Nilimkumbatia mwanangu. Nikamsemesha bibi Kiswahili, nikamsemesha Kiingereza, akatabasamu tu. Nilimshukuru, na nikiwa natoka nikasema lile ambalo kila mmoja wetu husema akiaga: "Asante sana, bibi. Na wewe karibu kwetu."

Bibi akaacha kutabasamu. Alinitazama kama mtu aliyengoja kuambiwa hivyo muda mrefu sana, kisha akaanza kufuta meza na kufunga madirisha, moja moja. Nikadhani ni usafi tu.

Kwa furaha tulisahau soksi. Rehema naye akasema hatuwezi kuondoka bila kurudi na shukrani, kwa hiyo kesho yake tukabeba majani ya chai na sukari. Nyumba haikuwepo. Palikuwa na mawe ya msingi na mabaki ya bomba la moshi, na mti mnene umeota pale palipokuwa na meza. Soksi za Ndinda zilikuwa juu ya jiwe, kavu, bado zina joto.

"Kaka," Rehema akaniuliza, "ulimwambia nini huyo mama?"

"Nilimkaribisha nyumbani, kama kawaida."

"Watu wa huku hawana hiyo kawaida. Ukiwaambia karibu, wanakuuliza lini."

Tukarudi Texas. Jumamosi moja ya joto kali mlango ukagongwa, polepole. Nikatazama kamera ya mlangoni kwenye simu, nikaona jua na saruji, mtu hakuna. Kabla sijaiweka simu chini Ndinda akaitika kutoka jikoni, "Karibu," kwa Kiswahili safi.

Tangu siku hiyo kiti kimoja cha mezani kikawa baridi, hata kiyoyozi kikizimwa. Mchungaji alikuja kutuombea, akakikalia bila kujua, akainuka kuomba sweta. Mama Ndinda akasema twende kwa kaka yake Houston tupumue. Njiani gari likaanza kulia, ile kengele ya mkanda wa kiti, na kiti chenyewe cha nyuma kilikuwa kitupu. Lililia mpaka Ndinda akanyoosha mkono akaufunga mkanda.

Hata hivyo, nikuambie ukweli, woga ulipungua nikabaki na udadisi. Ndinda akawa anaongea Kiswahili kutwa nzima. Miaka yote nimembembeleza nikashindwa, na nilipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba bibi hajui Kiingereza. Nikamwomba amuulize bibi Kiswahili alikijulia wapi.

"Anasema hakijui pia," akaniambia. "Anasema mtu akibisha mlangoni, unajua tu cha kumjibu."

Nikaanza kumwekea bibi kikombe cha chai. Ndiyo, nilimzoea. Wewe usingemzoea?

Lakini mgeni naye ana adabu zake. Juzi tukiwa tunakula, Ndinda akasema, "Baba, bibi ameenda kwao. Ametuambia na sisi karibu kwake."

Nikaweka kijiko chini. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asante, tutakuja. Si ndivyo nyinyi husema?"

Nikashika kile kiti. Kilikuwa na joto kama viti vingine.

"Halafu akaniuliza lini," Ndinda akasema. "Nikamwambia achague yeye."

Sasa tunalala chumba kimoja, Ndinda katikati yetu, na lori nimeliegesha. Kwangu mlango ukigongwa haitiki mtu, kwa hiyo ukija nipigie simu kwanza. Na wewe mwenye mtoto, usimwage "karibu" yako ovyo kwa wasiojulikana. Watoto wanasikia, na wao wakisema wanamaanisha.