Ndege wa Mabaka wa Chovae

Hina ikikorogwa kwa ndimu, wenzangu hukumbuka harusi. Mimi hukumbuka mwamba wa kisiwa chetu cha Chovae maji yakiwa yamekupwa: mwani uliopigwa na jua, chumvi, na kinyesi cha ndege. Wajukuu zangu hunicheka, wanasema pua ya bibi yao imezeeka kabla ya miguu. Basi nisikilizeni nyinyi, maana wao hawana subira.

Zama hizo tulikuwa chini ya Wataliani, ingawa kisiwani kwetu Mtaliani mwenyewe tulimwona kwa nadra. Tulichokiona zaidi ni makopo yake ya nyanya, ambayo kina mama waliyafanya kata za kuchotea maji. Aliyenilea ni Shangazi Mwanaesha, dada mdogo wa baba, kwa kuwa mama alikuwa na mapacha na mikono imemjaa. Yeye na wanawake wenzake walishuka mwambani kuchokoa pweza, wote wamejifunga kaniki nyeusi na ushungi, nami nikibeba kikapu nyuma yao. Wenzake walitazama mashimo. Shangazi alitazama mashimo na ndege.

Mwaka ule alitokea ndege aliyewasumbua watu. Tulimjua yange, mweupe, na tulimjua kulastara, wa rangi ya moshi. Huyu alikuwa na mabaka: bawa moja jeupe, jingine la moshi, shingo ina madoa kama iliyorushiwa tui. Wavuvi wakasema ni chotara wa yange na kulastara. Wengine wakaongeza, kama watu wanavyopenda kuongeza, kwamba tangu aje samaki wamepungua. Shangazi hakubishana nao. Alinikalisha juu ya jiwe akaniambia, "Nyuni hajulikani kwa nguo yake. Mwangalie mdomo, kisha mwangalie mwendo."

Nikaangalia. Yange alipita akinyanyua miguu polepole kama mtu anayeogopa kulowa, mdomo wake mweusi na mwembamba. Yule wa mabaka mdomo wake ulikuwa mnene zaidi, umepinda kidogo. Alijikunyata, akakimbia kama aliyekanyaga mchanga wa moto, akafunua mabawa, akasimama ghafla, akachoma samaki. Kando yake kulastara wa moshi akafanya vivyo hivyo. Kisha Shangazi akanionyesha mwingine, mweupe pepe, ambaye siku zote nilimwita yange. Naye akakimbia mbio zilezile.

"Hao wote ni kabila moya," akasema kwa lugha ya kisiwani, ambayo mtu huitwa mchu. "Mweupe na mweusi wameoana, wamemzaa huyo. Wachu wanatazama nguo tu."

Nimeyasema haya kwa urefu kwa sababu Shangazi mwenyewe alikuwa ameanza kutoka mabaka. Ilikuwa mbalanga, isiyouma wala kuambukiza, lakini watu wakiiona huvuta watoto wao kando. Ilimwanzia vidoleni, ikapanda mkononi, ikamgusa pembe ya mdomo. Na alikuwa ameshaposwa. Mchumba wake, Shee, alikuwa baharia wa Kismayo katika motaboti ya forodha. Wazee wake walikuja kuleta posa, na wao wawili hawakuwahi kusemezana hata neno, kama desturi ilivyotaka. Bibi yangu akaamua mambo. Mikono ikapakwa hina na piko, ile rangi nyeusi, hadi viwiko, na uso ukafunikwa. "Akishaoa, yatakuwa yake," alisema.

Shangazi hakuweza kumjibu mama yake. Lakini nilimkuta akitwanga huku machozi yakidondoka, na nilijua anachokiogopa, maana kina mama walikuwa wakinong'ona bila kujali masikio ya watoto: akirudishwa baada ya fungate, hataolewa tena, na aibu itakaa mlangoni petu.

Siku chache kabla ya nikaha Shee akafika Chovae. Alikuwa na darubini aliyoazimwa na nahodha wake Mtaliani, na alipowasikia wavuvi wakimlaumu yule ndege akataka kumwona. Shangazi akaniita ndani. "Mpeleke mgeni mwambani," akasema. "Lakini haya mabaka yangu, usimwambie mchu. Wasikia? Usimwambie mchu." Nikaapa kwa Mungu.

Mwambani Shee aliniwekea darubini machoni, ndege akanijia karibu mpaka nikarudi nyuma. Akaniuliza mimi naonaje, ni chotara kweli? Nikamwambia yote, kwa majivuno: mdomo, mwendo, mbio za mchanga wa moto.

"Nani kakufunza?"

"Shangazi Mwanaesha."

Akatabasamu. "Kumbe ampenda huyu wa mabaka."

"Ampenda," nikasema. "Na yeye anayo, mkononi na hapa mdomoni. Bibi kayafunika kwa hina."

Nikajiziba kinywa kwa viganja vyote viwili, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Shee akaishusha darubini. Maji yakaanza kujaa na kutugusa miguu, nami nikaanza kulia.

"Usilie," akasema mwishowe. "Mimi hupita hapa na motaboti. Naona wanawake mwambani, wote kaniki nyeusi. Uso siuoni, mkono siuoni. Kuna moya huchukua hatua mbili, akasimama kutazama nyuni, wenzake wakamwacha nyuma. Nikauliza ni nani, ndipo nikaleta posa. Kamwambie hivyo."

Nilimwambia Shangazi huku nikingoja kofi. Halikuja. Alitaka nirudie kila neno, na Shee alikuwa amesimama vipi, na sauti yake ilikuwaje. Kisha akaenda kumwambia Bibi kwamba piko basi. Siku ya harusi alichorwa maua ya hina kama bibi harusi yeyote, na mabaka yakaonekana wazi katikati ya maua. Alikaa na Shee Kismayo mpaka uzee, na alipendwa.

Kwa miaka mingi nilidhani nilivunja kiapo na Mungu akanisitiri. Kisha siku moja, nikiwa mama, nilikuwa na jambo nililotaka limfikie jirani bila mimi kulitamka, nikajikuta nawatazama watoto uani, nachagua. Hapo nikamkumbuka binamu yangu Somoe. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, mtulivu, ukimpa siri umeizika. Asubuhi ile niliyotumwa mwambani na Shee, Somoe alikuwa amekaa tu barazani, hana kazi. Shangazi alimpita, akaniita mimi, mtoto ambaye kisiwa kizima kilijua hawezi kunyamaza.

Nilicheka peke yangu pale uani. Kisha nikalia, kwa kuwa Shangazi alikuwa ameshafariki, na sikuwahi kumwambia nimefurahi kwamba alinituma mimi.