Siku Susu Alipomvua Kamla

Samli ikiungua hutoa harufu tamu inayokaba koo. Harufu hiyo ilijaa ukumbi wa Kaloleni asubuhi Susu na Dadaji walipofunga ndoa yao upya, mimi nikiwa darasa la tatu, nimevaa gauni la kumetameta na viatu vya kubana, nikijiona ndiye bibi arusi. Susu, nyanya yangu, alikuwa Mkamba wa Mukuru kwa Njenga. Dadaji, babu yangu, ni Mhindi aliyekuwa fundi wa reli. Arusi yao ya kwanza ilikuwa ya haraka haraka, na ukoo wa Susu uliigomea. Safari hii walikuja wote, shangazi wakapiga vigelegele hadi panditi, kuhani wetu, akawaomba jamani wangoje amalize kusoma.

Nyumbani kwetu, lakini, kulikuwa na mtu mmoja zaidi. Kabla ya Susu, Dadaji alikuwa na mke aitwaye Kamla, aliyefariki hata mwaka wa ndoa hawajamaliza. Kwa desturi ya akina Dadaji, mke anayeolewa baada ya mwingine kufariki huvaa kidani cha fedha chenye sura ya huyo marehemu, na kila kitu kipya, kiwe kitambaa au bangili, hugusishwa kidani hicho kwanza ili marehemu asione wivu. Susu alikivaa akisonga ugali, akifua, akinyonyesha. Mungu wangu, nilivyomwogopa huyo Kamla! Nikipakatwa na Susu, kile kisura baridi kilinigusa shavu, nikahisi kinasikiliza tunayoyasema. Nilijifunza kunong'ona ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Asubuhi ile, katika chumba cha nyuma ya ukumbi, Susu alikivua. "Leo naolewa peke yangu," alisema. Buaji, dada yake Dadaji, akashika kichwa. "Wifi, utatuletea balaa!" Susu akacheka kidogo. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Buaji." Kisha akanitia kidani mkononi. Alitaka jambo moja tu siku hiyo, na alilisema wazi mbele yetu: mumewe amtazame yeye, asimwone mwingine.

Wakazunguka moto, ncha ya sari imefungwa kwenye shali ya Dadaji, Susu anang'aa kama msichana. Ikafika zamu ya mume kumpaka mke unga mwekundu utosini. Mkono wa Dadaji ukasimama hewani. Alikuwa anatazama shingo ya Susu. "Kamla yuko wapi?" akauliza. Hakuwa amechanganyikiwa, akili zake zilikuwa timamu kabisa; aliogopa tu, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni. Susu alimtazama usoni kwa muda mrefu, kisha akaninyooshea mkono bila kugeuka. Nilitamani kukimbia na kile kidude nikakitupe mbali. Nikampa. Akakivaa, akapakwa unga, vigelegele vikapigwa, tukala pilau. Alipokuwa ananimenyea chungwa aliniambia polepole, "Miaka yote nilidhani ni desturi inayomtaka Kamla. Kumbe ni mume wangu." Nilimwona akilia huku akitabasamu na wageni, na bado inaniuma.

Susu alituaga mwaka jana. Wosia wake kuhusu kuchomwa maiti yake, kwa desturi ya akina Dadaji, ulikuwa mfupi: "Msinichome na Kamla. Nimembeba vya kutosha." Mimi siku hizi naishi Kware, kwenye ghorofa ambamo mpangaji akihama leo, kesho jina lake limesahaulika, na wafu hawana hata pa kusimama. Zamani nilidhani nyumba isiyo na marehemu ni raha. Sasa sina hakika. Jumapili humpelekea Dadaji chakula Kaloleni. Kidani anakivaa mwenyewe, na mkufu umemchubua ngozi ya shingo. Juzi hasira zilinipanda, nikamwuliza, "Na Susu je? Sura yake anaivaa nani?" Akapapasa shingo yake, macho yamejaa maji.

"Sikujua kwamba ni mzito hivi," akasema.

"Hukuwahi kumwuliza Susu," nikamwambia.