Ng'ombe wa Mama Aikande

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hucheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kama naumwa. Ni siku niliyosimama mguu sawa mbele ya banda la ng'ombe la jirani yetu hapa Kirua Vunjo, suruali imepigwa pasi, jani la isale, lile la kuombea msamaha kwetu Wachagga, mkononi, na maneno yote niliyoyaandaa njiani yamenitoroka. Nilikuwa meja mstaafu, mtu wa kupigiwa saluti, nami nimekwenda kuomba msamaha kwa mzee aliyevaa mabuti ya mpira yenye mbolea hadi magotini. Keti nikusimulie nilivyofikishwa pale. Nimesikia na wewe umeanza kazi ya kushauri watu juu ya mali zao, na ni afadhali ucheke kosa langu kuliko kulia kwa lako.

Jeshini nilikuwa afisa wa fedha wa kikosi. Mishahara na posho za askari zilipita mezani kwangu miaka nenda rudi, na hesabu zangu hazikuwahi kurudishwa. Nilistaafu wakati ule wa soko huria, malori ya wanunuzi binafsi wa kahawa yameanza kupanda huku mlimani, mabenki mapya yanafunguliwa Moshi mjini, na kila mtu ana mpango. Wenzangu wengi walikimbilia kununua mabasi. Mimi nilipanga chumba kimoja Himo, nyuma ya duka la mabati, nikatundika kibao: Mshauri wa Fedha na Mali. Wiki za mwanzo watu walijaa mlangoni, wote wakidhani ninakopesha. Nikiwaambia kwamba ninatoa ushauri tu, waliniangalia kwa huruma, wakaaga kwa adabu, wakaenda zao.

Mteja wangu wa kwanza wa kweli alikuwa Mama Aikande, mjane wa hapa hapa kwetu. Binti yake Aikande alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, masomo yanaanza Januari, na ada haikuwepo kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Aliweka chane ya ndizi mbivu mezani kwangu, akakunja mikono, akasema, "Afande, mtoto wangu asije akabaki nyumbani kwa ajili ya ada. Niambie nifanye nini."

Nilifurahi mno kupata mtu wa kumshauri. Nikafungua daftari jipya, nikamwambia ataje kila alichonacho. Akataja kihamba cha marehemu mumewe, yaani shamba la ukoo, migomba, kahawa, kuku, na ng'ombe wawili: mmoja kwake, na mwingine mwenye mimba anayetunzwa kwa Mzee Elinami, ng'ambo ya mfereji.

Sasa, mwanangu, wewe ni wa huku, unaijua desturi hii. Mwenye ng'ombe akizidiwa, humpa jirani amtunzie. Mtunzaji hunywa maziwa na kupata mbolea ya migomba yake, na mitamba wanaozaliwa hugawanwa kwa zamu, huyu wa mwenye ng'ombe, anayefuata wa mtunzaji. Nami nilikulia ndani ya desturi hiyo, maziwa niliyonyweshwa utotoni yalitoka kwa ng'ombe wa watu. Lakini kambi ilikuwa imenifundisha kuamini daftari. Nikaandika kwa wino mwekundu: ng'ombe mmoja, yuko nje, faida hakuna. Kisha nikatoa agizo, maana ule haukuwa ushauri. Ng'ombe arudi nyumbani mara moja, azae, auzwe, ada ilipwe.

Mama Aikande alisita. Akasema atamwambiaje mzee wa watu, aliyewasaidia tangu siku ya msiba. Nilimkatisha kabla hajamaliza, kwa sauti ile ile ya uwanja wa paredi. Hata leo namwonea aibu yule mtu niliyekuwa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda wote wawili. Mzee Elinami alitupokea vizuri, akatuletea vigoda. Nikamsomea kutoka kwenye daftari, neno kwa neno. Hakubisha hata kidogo. Alimfungua ng'ombe, akamkabidhi Mama Aikande kamba, akampapasa yule mnyama shingoni. Ndipo akanigeukia.

"Umemhesabu ng'ombe, Afande. Mimi hukunihesabu."

Nilidhani analilia maziwa. Njiani nikamweleza Mama Aikande kwamba watu hawapendi mabadiliko, naye akaendelea kumvuta ng'ombe.

Haikupita hata wiki tatu yule ng'ombe akakonda. Majani ya kulisha ng'ombe wawili yalipaswa kubebwa kichwani kutoka kule tambarare, na mgongo wa Mama Aikande ulikuwa mbovu siku nyingi. Mzee Elinami ndiye aliyekuwa akiubeba mzigo huo, nami sikuwa nimeuandika popote. Siku ya kuzaa ilipofika, ndama alikwama. Bwana mifugo alikuwa kwenye semina Bomang'ombe. Aikande alikuja mbio nyumbani kwetu, akasimama mlangoni akihema.

"Shikamoo. Mama anasema ndama hatoki, na ng'ombe ameshalala chini. Wewe ndiye uliyesema atatulipia ada."

Kijiji kizima kilijua kwamba mkono wa kumgeuza ndama tumboni ni mmoja tu, nao ni wa Mzee Elinami. Mama yangu alikuwa kibarazani anachambua maharage, amesikia kila kitu. Akaniambia niende nikamwite. Nikamjibu kwamba kwa nilivyomfanyia hawezi kuja, labda tumtume mtu mwingine.

"Miguu iliyokwenda kumwudhi ilikuwa ya nani?" mama akauliza bila kuinua macho kwenye ungo. "Basi irudi hiyo hiyo. Isale iko pale mpakani mwa kihamba, au kule jeshini walikusahaulisha mpaka hiyo?"

Hawakunisahaulisha. Anayekuletea jani la isale amekiri kosa, na kwetu huwezi kumfukuza kabla hujamsikia. Nikachuma jani moja refu, nikalipiga fundo kama nilivyomwona baba akifanya, nikavuka mfereji. Nilikuta Mzee Elinami anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe wake. Aliponiangalia, mwili ukafanya kile pekee ulichofundishwa kufanya mbele ya mkubwa: visigino vikagongana, kifua mbele, nikasimama mguu sawa, jani limenyooka ubavuni.

Mzee alilitazama jani, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaegemea panga lake. Kisha akalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Mguu pande, Afande," akasema. "Ng'ombe hana muda wa kusubiri gwaride."

Alasiri ile mimi ndiye niliyepokea amri. Leta maji, nikaleta. Leta sabuni, nikaleta. Mzee akavua shati, akaingiza mkono hadi begani, macho ameyafumba, anamnong'oneza ng'ombe Kichagga taratibu. Aliposema vuta, nikavuta; aliposema acha, nikaacha. Hatimaye ndama akateleza akaangukia majani, na Mama Aikande akapiga vigelegele vilivyosikika hadi barabarani. Alikuwa mtamba. Ng'ombe alisimama akaanza kumlamba, na mimi, meja mzima, nililia nikiwa nimejaa ute hadi kwenye viwiko.

Tulipokuwa tunanawa, Mzee Elinami alimwita Mama Aikande.

"Mtamba huyu ni zamu yako," akamwambia. "Yule mkubwa aliyezaliwa kabla yake, aliyeko bandani kwangu, alikuwa zamu yangu. Nimeshapatana na mnunuzi, atamchukua kabla ya Krismasi. Hiyo ndiyo ada ya Aikande. Mimi na mke wangu tulikubaliana tangu matokeo yalipotoka, tukangoja sikukuu tuwashtukize."

Mama Aikande alishika mdomo, akapiga goti. "Aika mbe," akasema, asante kwa Kichagga, akairudia mpaka sauti ikaisha. Mimi nilibaki na ndoo mkononi. Faida hakuna, nilikuwa nimeandika, kwa wino mwekundu.

Ng'ombe na ndama wake walirudi ng'ambo ya mfereji wiki ile ile, na kamba niliishika mimi. Krismasi, watu walipokuja nyumbani kutoka Dar na Arusha, tulikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa Mzee Elinami, na kila aliyeingia alisimama mlangoni mguu sawa, jani la mgomba mkononi, kunikejeli. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nivue magwanda. Aikande alisoma akamaliza. Siku hizi ndiye anayenipima presha na kunikataza chumvi, nami natii.

Na ofisi ya Himo haikufa. Ila daftari nililibadilisha. Mtu akiniletea mali zake, nilimwuliza kwanza anakula na nani, nani huja akiugua, na nani aliyebeba mzigo wake siku ya msiba. Majina hayo niliyaandika ukurasa wa mbele. Nimewashauri walimu, wastaafu na wakulima wengi tangu hapo, na sijawahi kumwambia hata mmoja avunje ujirani ili apate faida.

Basi mwanangu, hesabu zako nazijua ni nzuri kuliko zangu. Ninachokuomba ni hiki. Usishauri juu ya kitu cha mtu kabla hujafika kinapotunzwa ukamsikiliza anayekitunza. Mteja wako akisita, nyamaza, mwache amalize sentensi yake. Mama Aikande angeniokoa kama ningemwacha aseme. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usitume mtu. Vuka mfereji mwenyewe.

Sogea sasa nikutemee mate ya baraka, kama mama alivyonitemea jioni ile niliporudi nanuka ng'ombe. Ruwa, Mungu wetu, akupe macho ya kuwaona watu kabla ya mali zao. Akupe majirani wa kukushtukiza kwa mema, na wakikucheka, wakucheke kwa upendo. Nenda ukafanye kazi, na ukipita kwa Mzee Elinami, msalimie mjukuu wake. Bado anatunza uzao wa ng'ombe wa Mama Aikande.