Mgongo Haujui Mkwe

Siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingi, mwanangu, nilitoka kwenye shimo letu la dhahabu kule Nyarugusu nikaenda zahanati, kiuno nimekifunga kwa mpira wa tairi. Ndivyo tulivyojitibu wachimbaji. Unajifunga mpira, unameza vidonge viwili vya maumivu, unarudi kupandisha viroba vya mawe. Mgongo ulikuwa umeniuma wiki tatu nami nikijiona dume. Nilikuwa mjinga tu.

Nikamkuta tabibu wa zamu ni mdogo wake mama mkwe. Kwetu Usukumani, unajua mwenyewe, mkwe hutazamani naye usoni, sembuse kumweleza habari za chini ya kiuno. Shikamoo niliitoa nikiangalia sakafu.

Akaniuliza maumivu yalianza lini, nabeba nini, yanashuka mguuni au la. Hayo niliyajibu vizuri. Kisha akauliza kama nina ganzi katikati ya mapaja, na kama haja ndogo inatoka kama kawaida. Nikasema sina shida, mayu, yaani mama. Kumbe tangu jana yake mkojo ulikuwa unagoma, na nikikaa sikihisi kiti.

Hakubishana nami. Alinilaza, akaniinua mguu mmoja mmoja, kisha akaniambia nikunje dole gumba la mguu kuja juu. La kushoto halikuinuka. Akavuta kiti, akakaa.

"Baba Masanja, ukwe tumeuacha nyumbani. Mficha uchi hazai. Sema."

Nikasema yote, machozi yakinitoka kwa aibu. Saa ileile akaniandikia rufaa, nikapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa. Mkojo ulirudi. Mguu wa kushoto haukurudi wote, ndiyo maana unaniona nauburuta, na sina wa kumlaumu.

Basi, mwanangu, maumivu mengi ya mgongo hupoa yenyewe. Punguza mzigo, lakini usishinde kitandani, tembeatembea. Ila ganzi ikiingia mapajani, mkojo ukigoma, mguu ukilegea, au ukipata homa na kukonda pamoja na maumivu hayo, usingoje kesho. Na anayekupima mwambie yote, hata akiwa nani wako. Aibu ni ya dakika tano.

Mungu akulinde, akuzeeshe ukitembea kwa miguu yako yote miwili.