Kengele ya Bwana Radi

Karakana nzima ilimwita Radi, na jina hilo hakulipata kwa upole. Msimamizi huyu akinguruma huku kwenye vyuma, kule kwenye rangi brashi zinawatoka watu mikononi. Kwake kosa kubwa lilikuwa moja: kusimamisha kazi. Vitanda vya hospitali vitoke, basi, mengine porojo.

Watu wakajifunza kufichiana. Mguu wa kitanda umepinda? Mwenzako anaunyoosha kimyakimya. Maungio yana ufa? Wa rangi anayapaka mara mbili, yameisha. Eti wenyewe wanaita kusaidiana! Hata mdogo wake Radi, fundi wa kuchomelea, alipoona waya wa mashine yake umechubuka, aliuzungushia kitambaa akaendelea, maana kaka yuko karibu. Umeme ukamchukua pale pale, miwani ya kazi bado usoni.

Radi alilia mpaka sauti ikamkauka. Baada ya msiba akafunga kengele katikati ya karakana, yenye kamba ndefu inayofikiwa na kila mtu.

"Ukiona kasoro, vuta," aliwaambia. "Kazi yote itasimama, tutatengeneza kwanza. Sitaki kuzika mtu mwingine."

Wakaitikia, "Sawa, bosi." Nani avute? Thubutu! Wiki zikapita, kengele ikashika vumbi, naye kila asubuhi akiitazama moyo unamuuma. Alijua kasoro zipo. Alijua pia kwamba wanamficha, na kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kuficha.

Mpaka siku ilipolia.

Radi alitoka ofisini mbio, na kabla hajafikiri, mdomo ukamtangulia: "Nani amesimamisha kazi?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Aliyeshika kamba alikuwa mjane wa mdogo wake, aliyeajiriwa upande wa rangi baada ya msiba ili watoto wapate kula.

"Ni mimi, shemeji."

"Kasoro iko wapi?"

"Umeshaitoa mwenyewe. Ni sauti hiyo. Mume wangu aliiogopa kuliko umeme."

Jamani! Radi akaketi kwenye ukingo wa kitanda ambacho hakijapakwa rangi, mikono magotini, machozi yakimshuka mbele ya watu wale wale aliozoea kuwatetemesha. Aliona aibu kubwa, na safari hii hakuificha.

"Kweli, shemeji," akasema taratibu. "Nisameheni wote. Kuna mwingine aliyeona kitu?"

Hatimaye fundi aliyechukua nafasi ya marehemu akasogea mbele, kofia mkononi.

"Bosi, waya wa mashine yangu... umechubuka."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nimeufunga kitambaa."

Radi akainuka, akaenda mwenyewe hadi ukutani, akazima swichi kuu ya karakana.