Fundo la Rasta Ndani ya Sumaku

Mtaalamu mgeni alikuja hospitalini kwetu Mwanza kupima nyuzi za ubongo kwa namba, nami ninayeendesha MRI, mashine ya picha yenye sumaku, nikajilaza ndani yake ili apate wa kujaribia. Wiki iliyofuata akanipima tena, namba zikatofautiana, akatangaza mashine yetu mbovu. Mbovu, eti! Mara ya kwanza nilikuwa na rasta za msusi wa Mkuyuni, nimezifunga fundo kisogoni, nalo limeinua kichwa na kusukuma kidevu kifuani. Mara ya pili nilishazifumua, kichwa kikalala sawa. Nyuzi za ubongo zikilala tofauti ndani ya sumaku, namba hubadilika. Hayo alitufundisha yeye mwenyewe, asubuhi nzima, kwa majivuno. Ubongo wangu aliupima mara mbili, kichwa changu hakukitazama hata mara moja.