Nyuma ya Picha ya Mwingine

Baba alipotangaza kwamba anataka ubunge, tulicheka kwanza. Mwalimu mstaafu wa Kanyakine, mwenye kahawa kidogo, baiskeli, na maneno mengi kuhusu maji ya mfereji! Mama alimwonya kwamba mkono mtupu haulambwi. Yeye akajibu kuwa watu aliowafundisha kusoma hawawezi kumsahau, na kwa miezi mitatu akapanda na kushuka vilima akiomba kura, akinywa uji kila boma kwa sababu kwetu kukataa ni tusi.

Mwaka ule mchujo wa chama ulikuwa wa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku: unasimama nyuma ya picha ya mtu wako, hadharani, chifu akitazama. Mimi pia nilikuwa mwalimu, na mtoto wangu alikuwa na miezi minne. Siku moja kabla, mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mwalimu, kesho kila mtu ataonekana amesimama wapi," alisema taratibu. "Na transfa huja haraka. Huko Kiambere kuna shule inataka mwalimu, lakini joto la huko si la mtoto mchanga. Nakuambia tu kama dada yangu."

Nilifika uwanjani nikijiambia kwamba bado sijaamua. Uongo mtupu. Wakala wa baba hakutokea, kwa hiyo baba alishika picha yake mwenyewe kifuani, ile aliyopiga na koti la kuazima. Nyuma yake walikuwa mama, katekista na wazee wachache. Mstari wa mbunge aliyekuwa madarakani ulipita lango ukaingia barabarani, na wanafunzi wa baba walikuwa humo, wakitazama viatu vyao.

Nikaingia katikati yao, mtoto mgongoni. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sikugeuka. Baba aliinua macho, akayapitisha polepole juu ya mlolongo wote, yakanifikia. Kisha akainamia picha yake akaipangusa kwa kiganja.

Kuhesabu watu wake hakukuchukua hata dakika tano.

Kiambere sikupelekwa. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa kwa baba, na jirani mmoja mpenda utani akamwanza baba.

"Mwalimu, ata damu yako ilipanga laini ile ingine! Ama hukuona?"

Nilikuwa nimeshika birika.

Baba akacheka kidogo. "Mimi sikuona nani alikuwa wapi. Jua lilinipiga macho sana siku hiyo."

Jirani akachukua kikombe chake.

Lakini siku ile hakukuwa na jua. Manyunyu yalianza alfajiri, na shali niliyomfunikia mtoto ililowa chepechepe. Nilimimina chai. Radhi sikuiomba siku hiyo, wala mwaka huo, na sasa ni miaka mingi tangu tumzike.